Sekunde Tatu za Uso wa Lokwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mkasi. Sikushangaa, maana baba yangu alikuwa fundi cherehani na mimi nilikulia chini ya meza yake. Ilikuwa kabla ya uhuru, hapa hapa Kisangani, mji ambao Wabelgiji waliuita Stanleyville. Mkurugenzi wa ofisi ya sinema, Mbelgiji mnene asiyependa maneno mengi, alinipa kipande cha mkanda wa filamu akaniambia nikate bila kugusa picha. Nikakata. Akakitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Bon," akasema, yaani vizuri. "Mikono iko. Sasa tutatafuta macho."

Kazi hiyo huitwa montaji, yaani kukata mkanda na kuunga vipande kwa gundi mpaka vitoe habari moja. Kwa Mkurugenzi tulitengeneza filamu za kunawa mikono na kuchemsha maji. Uhuru ulipokuja alifunga masanduku yake, na kiti chake kikakaliwa na Mkongo mwenzetu, tuliyemwita Mkuu. Huyu alikuwa amezungusha projekta vijijini kwa miaka mingi, akijua vizuri ni wapi watu hupiga miayo.

"Tulionyesha watu sabuni mingi sana," alituambia. "Sasa tufanye filamu ya kuogopesha, na ikuwe ya kwetu."

Ilikuwa ya dakika kumi tu. Kwa wavuvi wa Yanonge, kijiji cha mtoni, kasia la mtu aliyezama hurudishwa kwa ndugu zake. Katika filamu yetu mtu mmoja analiokota na kulificha, na mwenye kasia anatoka mtoni kulifuata. Maiti huyo aliigizwa na rafiki yangu Lokwa, mvuvi mrefu wa huko huko Yanonge, mcheshi hata msibani.

Ninyi vijana mnadhani hofu inatoka kwenye damu na makelele. Sisi hatukumwaga hata tone. Tulionyesha nyayo zenye maji sakafuni, kisha mlango, kisha nyayo tena, na safari ya pili zilikuwa zimefika karibu zaidi. Sauti ya kutembea kwake ilikuwa kitambaa kilicholowa, nilichokiburuta mwenyewe kwenye saruji. Kisha nikakata sauti yote ghafla, mlango ukabaki wazi kwenye picha kwa muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kuvumilia. Kazi ya kutisha ni kumwacha mtazamaji angoje, naye atajitisha mwenyewe. Nasema bila aibu kwamba niliijua kazi hiyo.

Mkuu alitoa amri moja. "Uso wa mufu musionyeshe. Mutu anaogopa sana kile hajaona."

Lokwa akaja kwenye chumba changu cha montaji, kofia mkononi. "Ndeko, ndugu yangu, mama atanijua namna gani? Mugongo ni mugongo, kila mutu iko nayo."

Nikamhurumia. Tulikuwa na picha moja ya uso wake kwa karibu, taa imewekwa chini ya kidevu ili vivuli vielekee juu na macho yageuke mashimo. Nikaiingiza, sekunde tatu. Mkuu alinuna, lakini ukumbi ulipiga kelele, akaiacha. Lilikuwa kosa langu.

Miaka ya uasi ikafika. Waasi walioshika mji walikuwa wakinyunyiziwa maji yenye dawa ili risasi zisiwadhuru, na dawa hiyo ilikuwa na miiko mingi, ambayo ikivunjwa nguvu yake huisha. Alasiri moja walidai sinema, nikawawekea ile filamu yetu ya kasia. Kesho yake asubuhi wakamwona Lokwa sokoni Mangobo akiuza samaki, wakamfunga kamba.

Nilikimbia mpaka kwa Kapiteni wao. Lokwa alikuwa amekaa chini uani, mdomo umevimba.

"Huyu ni ule mufu wa maji," Kapiteni aliniambia. "Ataharibisha maji yetu. Leo anakufa."

"Kapiteni, ule mufu ni mimi nilimufanya. Na mukasi na taa."

"Basi fanya tena. Ukishindwa, munaenda wawili."

Wakanisindikiza kuleta projekta na taa. Nikafunga madirisha ya ofisi yake, nikawaonyesha filamu bila sauti, na hakuna aliyeshtuka. Nikaburuta kitambaa chenye maji mbele yao, wakatazamana. Bado Kapiteni alikuwa amekunja uso. Nikazima projekta, nikampa taa, nikamwomba aishike chini ya kidevu chake na anyamaze.

Askari wake wanne wakarudi nyuma mpaka ukutani.

Kapiteni aliwatazama, asielewe. Kisha akaelewa kuwa wanamwogopa yeye, akacheka mpaka taa ikamtikisika mkononi. "Mufungue," akasema. "Lakini ile uso uitoe. Sasa hivi, nione."

Nikazikata zile sekunde tatu mbele yake. Filamu ilipooneshwa tena, miaka ya amani, watu walipiga kelele kuliko zamani. Mkuu alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kipande kile sikukitupa. Kilikaa kwenye kopo la chai mpaka nilipostaafu, nami nikakisahau, hadi Lokwa alipofariki kitandani kwake, mzee mwenye wajukuu. Binti yake alikuja kwangu. Hawakuwa na picha ya baba yao hata moja ya kuweka kwenye jeneza. Niliona haya kumpa ile ya maiti, lakini nilikuwa na hiyo tu. Akaiinua dirishani, kama Mkurugenzi siku yangu ya kwanza.

Akatabasamu huku machozi yakimtoka. "Papa iko anajizuia kucheka," akasema. "Angalia mudomo."

Nikaangalia. Ni kweli. Nimeikata picha ile, nimeiunga, nimeitoa mbele ya bunduki, na miaka yote hiyo sikuwa nimeuona mdomo wake.