Malipo ya Mama Vigae

Jina la Mama Vigae lilikuja baadaye. Mwanzoni alikuwa mke wa fundi tu. Kibarua wa mumewe alipoacha kazi ghafla, yeye ndiye aliyeingia kubeba maji na kuchanganya saruji, maana tumbo halina likizo na watoto walikuwa wanasoma.

Mumewe alikuwa fundi vigae wa siku nyingi, mcheshi, mtu wa watu. Akamfundisha mkewe kushika mwiko, kupima usawa, kukata pembe. Haukupita muda, mama akawa anatandika vyumba vizima peke yake. Bafu alilotandika yeye, ukimwaga maji yanajua njia.

"Huyo nimemfundisha mimi," fundi alikuwa akijisifu, na ilikuwa kweli.

Siku moja mkandarasi wao alimsimamisha fundi kwenye ngazi za jengo.

"Fundi, nimeona kazi ya shemeji. Kuanzia jengo hili nataka nimlipe sawa na wewe. Unasemaje?"

Wapaka rangi waliokuwa juu ya ngazi walisikia. Mmoja akacheka. "Basi kesho fundi ataomba ruhusa hata ya kwenda kunywa chai."

"Mkilingana mfuko," mwenzake akadakia, "baba wa nyumba ni nani?"

Hawakusema kwa ubaya. Ndivyo watu walivyozungumza kwa kinyozi, sokoni, hata kwa mama yake mzazi fundi. Lakini uso wa fundi uliwaka.

"Mzee, yule ni msaidizi wangu," akasema. "Mlipe kama msaidizi. Kwani pesa zote si zinaingia nyumba moja?"

Mkandarasi akainua mabega. "Haya. Mke ni wako."

Basi fundi akaifukuza riziki mlangoni kwake mwenyewe, ili asichekwe. Wakaendelea hivyo jengo baada ya jengo, mama akilipwa kama msaidizi kwa kazi ya ufundi, naye akiamini ndicho kiasi mkandarasi alichoweza kutoa.

Mama alikuja kujua mkandarasi alipostaafu na kuwaaga mafundi wake. "Shemeji, ungekuwa mbali wewe," alimwambia huku akimpa mkono. "Mimi nilitaka, mumeo mwenyewe ndiye aliyekataa." Alidhani mama alijua zamani.

Jioni ile mama aliosha vyombo hadi cha mwisho ndipo akauliza.

"Baba watoto, uliulizwa kuhusu malipo yangu?"

"Niliulizwa."

"Ukasema mimi msaidizi."

Fundi akatazama mikono yake. "Watu walikuwepo, mama watoto."

"Na mimi nilikuwepo. Chumba cha pili, nimepiga magoti."

Hakupiga kelele wala hakurudi kwao. Jumatatu alichukua mwiko wake akaenda kwenye kundi jingine la mafundi, na huko wakamlipa kama fundi. Ndiko alikopewa jina.

Nyumbani hakikuharibika kitu ambacho jirani angekiona. Chakula kiliiva, ada zililipwa, salamu zilikuwepo. Ila zamani walizoea kubishana mpaka usingizi uwachukue, juu ya kuta zilizopinda na wenye nyumba wasiojua wanachotaka. Sasa fundi akimuuliza kazi ilikuwaje, mama alijibu, "Nzuri," akageukia ukutani.

Fundi alianza kuwaambia wenzake wakati wa chai kwamba mtu alipwe kazi yake, awe mume awe mke. Walicheka, wakasema amekaliwa na mkewe.

Jumapili moja, wakinywa chai, fundi alijikaza. "Nilikosea."

"Najua. Yameisha hayo."

"Nimepata kazi kubwa, hoteli. Tuifanye wote. Tugawane nusu kwa nusu, mbele ya kila mtu."

Mama alimgeukia, kama mtu anayetaka kukubali. Kisha akamsogezea sukari.

"Ungeniambia zamani, ningekuja mbio," akasema. "Sasa nina wenzangu."