Mvua ya Mawe Iliyovaa Leso

Mwanangu, sogea karibu na jiko, baridi ya Molo haina mchezo. Nimekusikia ukimwambia mkeo kwamba serikali inaleta mbegu kwa wale ambao baridi imeunguza viazi vyao, na kwamba utaonyesha shamba lako lote limekufa, hata upande uliopona. Nimecheka peke yangu, maana nimekumbuka siku moja ya miaka ya hamsini, nikiwa nimeolewa juzijuzi, tukiishi kwenye shamba la mzungu.

Mvua ya mawe ilikuwa imenyesha mpaka ardhi ikawa nyeupe. Lakini ilipiga ng'ambo ya kijito, kwa Mama Chebet, mjane mwenye watoto wadogo. Viazi vyake vililala kama mboga iliyochemshwa. Kwetu ilipita tu. Serikali ikaahidi kumlipa mzungu hasara ya pareto yake, yale maua ya dawa ya wadudu, nasi wafanyakazi tukaahidiwa mbegu ya viazi, kila aliyeharibikiwa, afisa akishakagua shamba.

Basi baba yako Wafula, Mungu amrehemu, akakata fimbo mbili.

"Nekesa, tupige majani tu, yaonekane yamepigwa na mvua ya mawe," akaniambia. "Viazi viko chini, havitasikia kitu."

Nikajifunga leso, nikainua fimbo. Mara baba mkwe akatokea na mbwa wake, Popi. Sasa, unajua desturi yetu, baba mkwe hamkaripii mke wa mwanawe ana kwa ana. Kwa hivyo akamkaripia mbwa!

"Popi, njoo uone maajabu. Mvua ya mawe ya mwaka huu imevaa leso! Tena inachagua, inataka viazi, kabichi imeziacha. Ama tukuchape na wewe kidogo, ndio afisa aamini?"

Popi akatikisa mkia. Wafula akaangua kicheko mpaka akaketi kwenye matuta. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kisha mzee akashusha sauti.

"Popi, mbegu inayokuja ni lori moja tu. Ikiishia hapa, wale watoto wa ng'ambo watakula nini?"

Akaenda zake bila kugeuka.

Kesho yake afisa wa kilimo akafika. "Hapa mmepoteza nini?" Wafula akanitazama. Mwanangu, usidhani tulikuwa na chakula cha kumwaga, hata sisi mbegu tuliitaka sana. Nikasema, "Sisi tuko salama, bwana. Walioumia wako ng'ambo."

Lori lilishindwa kuvuka kijito, tukabeba magunia mgongoni. Wafula aliteleza kwenye matope, akamlaumu Popi! Tukapanda pamoja na Mama Chebet huku tukiimba. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yangu, na hilo usimwambie mtu.

Sasa nisikilize. Msaada umewekewa aliyeumia. Pale ulipoumia, onyesha, uchukue bila haya. Pale ulipopona, sema umepona, umwonyeshe afisa njia ya kwa mwenzako, na gunia umsaidie kubeba. Mungu aibariki mikono yako, azijaze sufuria za mkeo. Na siku shamba lako litakapoungua lote kweli, akupe jirani atakayesimama mbele ya afisa na kusema, "Sisi tuko salama. Walioumia wako kule."