Kigoda cha Kasimbi kwenye Ghorofa ya Tisa

Nilikwenda London kwa sababu mbili, na moja niliificha. Ile niliyowaambia majirani ni kwamba Meja anaumwa na binti yake, Yustina, ameniita na tiketi ametuma. Ile niliyoificha ni kigoda.

Huyo Meja nilikuwa dereva wake vitani. Vita vilipokwisha akavua magwanda, akapewa ukuu wa wilaya kule mpakani magharibi, akaja kunitoa shambani kwangu Songea. "Koplo Komba," akasema, "ninakopelekwa hakuna barabara. Kwa hiyo nahitaji dereva." Wilaya yenyewe ilikuwa misitu na nyuki. Uliweza kuendesha tangu asubuhi hadi jua kuzama usione moshi wa jiko.

Yeye ni Mhehe, mimi Mngoni, kwa hiyo ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, tukarithi matusi. Mtani anakwambia mbele ya watu jambo ambalo ndugu yako wa tumbo moja hathubutu. Anaingia ndani kwako anabeba kitu chako, nawe ukikasirika umeaibika. Unakikomboa kwa kuku au kwa neno zuri, basi.

Meja alikuwa na kitabu kinene alichopewa kwenye kozi ya jeshi ng'ambo. Mchana, tukisubiri injini ipoe, alinisomea huku akikigeuza kwa Kiswahili, maana mimi shule yangu iliishia darasa la tatu, mwalimu alipohama na ubao wake. Kilikuwa maisha ya mwanajeshi mmoja wa Marekani. Mtoto wa mfua chuma, akaenda vitani angali kijana, risasi ikamkaa begani, na vita vilipokwisha serikali ikamtuma awe gavana wa nchi ya mbali ambayo haijawa hata jimbo kamili. Nyasi na upepo tu. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la chumvi. "Huyu ni mimi, Koplo," Meja alikuwa akisema, akipiga ukurasa kwa kidole. Nikimuuliza mwisho wake ulikuwaje, anajibu hajafika.

Sasa kigoda. Katika wilaya ile palikuwa na bonde linaitwa Kasimbi, na mzee wa bonde aliitwa Luhaga. Siku moja ikaja amri kutoka juu: watu wenye bunduki wanavuka mpaka, wana Kasimbi wahamishwe. Meja akawaambia kwa mdomo wake, mimi nikiwa nimesimama pale: "Mwaka mmoja tu." Luhaga akaingia ndani akatoka na kigoda cha mninga, miguu mitatu, walichosimikwa nacho baba yake na babu yake. Akasema, "Asiye na bonde hana pa kuweka kigoda. Kaa nacho wewe. Siku utakayoturudisha, utanirudishia." Mimi ndiye niliyekipakia kwenye gari.

Mwaka ukazaa miaka. Bonde likawa hifadhi ya wanyama. Meja akahamishwa, akastaafu, akafiwa na mke, binti akamchukua London, yeye na kigoda. Luhaga akafia kando ya barabara kuu, walikopangiwa. Mwaka jana binti yake Luhaga, Bibi Nyamizi, alipanda basi siku mbili kuja kwangu. "Bonde halibebeki," akaniambia, "lakini kigoda kinabebeka. Baba amekufa na hatujamsimika mtu. Kaka yangu anazeeka akisubiri. Ugomvi hauamuliwi, mizimu haisemeshwi. Wewe ndiye uliyekipakia." Miezi miwili baadaye Yustina akapiga simu.

Dar es Salaam niliwekwa wiki tatu kwa ajili ya viza. Mashine ilikataa vidole vyangu, jembe limekula alama zote. Dada wa kwenye mashine akanipaka mafuta, akanipangusa, akaniambia, "Babu, bonyeza kama unamfinya mtani wako." Hapo ndipo zilipotokea. Nikaona ni dalili njema.

Ndani ya ndege nilikaa dirishani. Mawingu yalikuwa chini yetu, meupe, yametandazwa kama pamba iliyoanikwa, na mimi nikawa nalala na kuamka, nalala na kuamka, hata sikujua lipi nililiona na lipi nililiota. Niliona Land Rover yetu ikipita juu ya mawingu bila kuacha alama ya tairi. Meja alikuwa amekaa mbele, kijana.

London tulitua asubuhi. Yustina alinipokea uwanjani. Ni muuguzi, mama mtu mzima sasa, lakini alipiga goti kidogo palepale katikati ya watu na masanduku yao. "Shikamoo baba mdogo." Tukapanda treni. Kituo kimoja kiitwacho Southall akapanda Kalasinga mmoja wa umri wangu, kilemba cha buluu, akatusikia tunavyoongea. "Wazee wa wapi nyinyi? Mimi wa Kisumu!" Nikamwambia shikamoo. Akaruka: "Wewe! Nani mzee hapa? Mimi sina hata mvi!" Akakishika kilemba, maana ndicho kilichozificha. Tulicheka mpaka treni ikaingia chini ya ardhi. Humo gizani sura zetu zilikuwa zikielea kwenye vioo, na mji mzima ukapita juu ya vichwa vyetu bila kutujua.

Kwa Yustina ni Stratford, ghorofa ya tisa. Meja alikuwa kwenye kiti cha sponji, blanketi magotini, anatazama nje. Amekonda, mabega yamebaki kama hanga ya koti. Na miguu yake, yenye soksi za sufu, ilikuwa imewekwa juu ya kigoda cha Luhaga.

Nilipiga saluti. Hakugeuka. Alisema kitu kwa Kizungu.

"Anasema nyasi zimekuwa ndefu mwaka huu," Yustina akanitafsiria. Akanivuta jikoni, akawa ananikaangia mayai. "Mwezi wa pili sasa hasemi Kiswahili, baba mdogo. Anajiona ni yule gavana wa kwenye kitabu. Wakija madaktari anawauliza habari za mto. Siku hizi na chakula anakataa, anasema mpaka wajumbe wafike. Mimi sijui wajumbe gani. Nikasema labda mtani wake atamrudisha."

Nilisogea dirishani kuona anachokiona. Chini kulikuwa na reli nyingi, na mto mwembamba, na ukungu umelala juu ya mapaa hata mapaa yakapotea. Nitasema kweli yangu: nilipokaza macho niliona nyasi. Nyeupe, ndefu, zinainama upande mmoja. Treni ikapita ndani yake bila sauti kama nyoka anayekwenda kunywa maji. Nikaona ni afadhali nikae.

Siku ya kwanza nilimtania nikachoka. "Mhehe gani wewe unatawala nyasi? Ng'ombe wako wapi?" Macho yake yalibaki dirishani. Siku ya pili nilimpa asali niliyokuja nayo. Akailamba kidogo, akafumba macho, akasema neno moja: "Kasimbi." Basi, akarudi kwenye nyasi zake.

Siku ya tatu, Jumapili, Yustina hakuwa kazini. Kitabu kilikuwa kando ya dawa, na ndani yake alama ya ukurasa: kipande cha hati yetu ya safari ya gari, mihuri imefifia. Kilikuwa katikati. Miaka yote ile Meja hakuwa amevuka pale.

"Soma kilichobaki," nikamwambia Yustina.

Akasoma kwa Kizungu, akanigeuzia kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Ukurasa wenye alama ulisema gavana aliwaita wenyeji wa bonde moja, akawapa mkono, akaahidi. Yustina akafungua ukurasa uliofuata. "Watu wa bonde waliondolewa kwa amani," akasoma, "na mwaka huohuo reli ikafika."

"Kisha?" nikauliza.

"Kisha reli. Karamu. Harusi ya mtoto wa gavana." Akafunua, akafunua. "Sanamu yake."

"Na wale watu?"

"Hawapo tena, baba mdogo. Ni hiyo nusu mstari."

Sauti ikatoka kwenye kiti. "Nusu mstari," akasema Meja. Kwa Kiswahili! Yustina akaweka mkono mdomoni. Meja alikuwa anatutazama sote wawili. "Koplo. Na mimi wakiniandika?"

Mwingine angempoza. Mimi ni mtani. "Wewe huandikwi kabisa, Mhehe. Nani apoteze wino wake?"

Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Yustina akaja na maji. Na mimi nikaona mlango umefunguka, na kwamba pengine hautafunguka tena. Nikainama, nikamnyanyua miguu, nikachomoa kigoda, nikakikumbatia kifuani.

"Nimekibeba! Mngoni amebeba! Haya, kikomboe!"

Nilikuwa nacheka, lakini nimekishika kama mwizi. Nilijua kosa langu. Akinipa kuku tu, au akiniambia maneno mawili matamu, imekwisha, sheria ya utani inanilazimisha kurudisha. Na Yustina, binti mwema, alikwishafungua jokofu. "Kuku yupo, baba mdogo! Baba, sema tu nimpe kuku!"

Meja alinyoosha mkono, akagusa mguu mmoja wa kigoda, ule uliokuwa na kovu la moto. Ukungu nje ulikuwa umeanza kupasuka.

"Siwezi kukikomboa," akasema. "Si changu. Utani haushiki mali ya mtu mwingine, Koplo, unajua hilo. Uliyebeba lazima upeleke kwa mwenyewe." Akavuta pumzi. "Mpelekee Luhaga. Mwambie mwaka umekwisha."

Ningeweza kuitikia ndiyo. Ndugu angeitikia.

"Luhaga alikufa, afande. Kando ya barabara kuu. Alikuwa anasubiri."

Yustina alikuja na mto auweke chini ya miguu ya baba yake. Akaukataa. "Acha ikae chini," akasema. Akaweka nyayo zake kwenye sakafu ya baridi, akaomba uji, akaumaliza.

Nilikaa siku nne zaidi. Alinisimulia vita, akakosea majina, nikamsahihisha, akanitukana vizuri kabisa. Siku ya kuondoka hakutaka kuniaga. Alisema Wangoni hawaagwi, wanaondoka tu wakishashiba.

Uwanja wa ndege ofisa mmoja alikigeuzageuza kigoda, akakipitisha kwenye mashine mara mbili. Akaniuliza ni nini. Kizungu changu ni cha kambini. Nikamwambia, "Bosi chea," nikimaanisha kiti cha mkubwa. Akatabasamu, akanirudishia kwa mikono miwili.

Kutoka Dar nilipanda basi siku mbili kwenda magharibi. Bibi Nyamizi alikuwa amesimama kando ya lami. Alikipokea, akakinusa, akasema kinanuka dawa za hospitali.

"Alisema nini?"

"Alisema si chake."

Akatikisa kichwa polepole kama mtu anayepima neno. Kisha akakiosha kwa maji na asali, akakianika kivulini, na siku ya tatu wakamsimika kaka yake, mzee mwenye fimbo, aliyekalia kigoda kwa woga kama kingemwangusha. Wanawake walipiga vigelegele. Malori yalikuwa yanapita nyuma yetu, vumbi linatua juu ya nguo mpya.

Mimi nilidhani nimekwenda kuchukua kitu na kukirudisha. Njia nzima ya kurudi nilijisifu hivyo. Pale kando ya lami ndipo nilipolielewa neno la Luhaga: kigoda ni chepesi, pa kukiweka ndipo pazito.

Nilimpigia Yustina simu ile ya picha. Akamsogezea baba yake. Uso wa Meja ukajaa kwenye kioo, nyuma yake dirisha jeupe. Nikamwonyesha kigoda, na mzee mpya, na watoto wanaocheza ngoma. Alitazama sana. Lori likapita, picha ikatikisika.

"Koplo," akasema, "hapo ni Kasimbi?"

"Hapana, afande. Ni barabarani."

Nilimwona anatafuta nyayo zake kwa macho, kule chini nisikokuona.

"Basi bado," akasema.

"Bado, afande."