Uso Usio na Katuni

Asubuhi hiyo niliondoka kwa dada yangu, Nakuru, bila kujua niendako. Siku nne nilitamani mtoto wake wa miaka mitatu aniite anko hata mara moja. Lakini yeye alilishwa uji akikodolea simu, mdomo ukifunguka wenyewe kama mlango uliokosa komeo. Nilipoizima simu, mdomo ukajifunga.

"Rudisha hiyo simu, wewe! Mtoto atakaa njaa!" dada akafoka.

"Si akuangalie wewe?"

"Kwani uso wangu uko na katuni?"

Nikabeba begi. Lori lililokuwa likifuata kabichi lilinishusha kijijini Ndabibi, ambako mama mmoja alikuwa na chumba cha kupangisha. Bintiye mdogo akanikagua.

"Anko, mbona kiatu chako kinacheka?"

Nikalipia wiki nzima kabla ya kukiona chumba.