Moto wa Stumai

Stumai alikuwa shangazi wa baba yangu, na nikikumbuka alivyotendwa damu bado inanichemka.

Enzi hizo za Mwingereza, viberiti vilikuwa vya watu wa dukani kule Shelui. Kijijini kwetu moto uliombwa. Asubuhi ukikuta jiko limezima, unamtuma mtoto kwa jirani na kigae, anarudi na makaa mekundu. Moto wa Stumai haukuzima kamwe. Mumewe alikuwa amefia machimboni Sekenke, naye hakujaliwa kuzaa, kwa hiyo watoto wa kuomba moto ndio waliokuwa watu wake. Aliwapa kaa, akawapa na karanga, akawauliza habari za mama zao.

Kisha Mwalimu Antipasi akaanza kuandika kitabu cha watoto. Alikuwa mtu mwema, ila mawazo yake hayakukaa kijijini. Kila Ijumaa aliwasomea wanafunzi sehemu mpya. Humo mlikuwa na Mfalme Majivu, aliyetaka kuiteka nchi nzima bila mkuki. Angetuma upepo uzime moto wa kila nyumba, abaki nao yeye peke yake. Atakayekwenda kumwomba kaa atapewa kwa tabasamu, na kaa hilo likishaingia nyumbani kwa aliyeomba, wote waliomo ni mateka. Halafu, ili watoto wamwone vizuri, Mwalimu akampa Mfalme mguu unaochechemea na tembe la peke yake ng'ambo ya korongo.

Stumai alikuwa akichechemea. Na ng'ambo ya korongo palikuwa na tembe moja tu, lake.

Wiki iliyofuata hakuja mtoto hata mmoja. Mwanzoni wazazi walicheka, lakini ndama wa mmoja wao, Lazaro, alipokufa, kicheko kikaisha. Kisimani wakaanza kumpisha Stumai kwa mbali.

Akamwendea Mwalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyo mfalme wako umemtoa wapi, mwanangu?"

"Ni hadithi tu, mama. Nimemtoa kichwani."

"Basi mrudishe huko."

Mwalimu aliona aibu kwelikweli. Ijumaa akasoma sura mpya: Mfalme ana miguu mizima na anakaa mlimani. Watoto wakanong'onezana kwamba amejigeuza.

Stumai akawaza. Kama anayeomba ndiye anayetekwa, basi ataomba yeye, wamwone hana ubaya. Akaumwagia maji moto uliowaka jikoni mwake tangu alipoolewa. Mimi nisingeweza. Akachukua kigae, akavuka korongo, akabisha kwa Martha, ambaye watoto wake wote walilelewa kwa uji uliopikwa kwa kaa la Stumai.

"Martha, moto wangu umezima. Nigawie."

Martha hakufungua mlango.

"Pole, mama," akajibu kutoka ndani. "Hata kwetu umezima."

Moshi ulikuwa ukifuka juu ya tembe, na ugali ulinukia mpaka nje. Stumai aliutazama ule moshi, akageuka na kigae chake. Hakubisha nyumba nyingine, na siku ile hakupika.