Ramani ya Mashimo ya Siti

Ka.

Mlio wenyewe ni huo tu, mfupi na mkavu, kama ukuni mwembamba uliovunjikia ndani ya mtungi. Siti aliusikia mara ya kwanza akiwa na miaka saba, mama yake akimbana sikio lake kwenye matope, kando ya shimo lililo chini ya mizizi ya mkomafi, mti wa mikokoni. Mama huyo, Bi Mwajabu, alikuwa ameingiza kulabu ndefu ya chuma mpaka mkono ukazama kwapani, na huko chini kaa alikuwa ameuma chuma. Mama alimtazama mtoto usoni kuona kama amesikia, na alipoona amesikia, akampa kulabu aishike.

Imepita miaka thelathini na minne, na Siti hajafanya kazi nyingine. Kila bamvua, maji yanapotoka mpaka matope yakabaki wazi, yeye husukuma mtumbwi wake kutoka kijijini kwao katika delta ya Rufiji, akaingia mikokoni na kuyapitia mashimo yake moja moja. Ni yake kwa maana ambayo kila mtu kijijini anaielewa. Aliachiwa na mama yake, kama wengine walivyoachiwa minazi. Kaa mkubwa akitolewa, baada ya bamvua moja au mbili mwingine huhamia, ilimradi shimo halikubomolewa. Ndiyo maana mwenye kulabu hachimbi. Jike lenye mayai hurudishwa lilipotoka, na mdomo wa shimo husawazishwa kwa kiganja kama mtu anayetandika kitanda.

Mashimo hayo yana majina. Kuna Mke Mwenza, ambalo kaa wake hatoki bila ugomvi. Kuna Bwana Shamba, ambamo hupatikana kitu mara moja kwa mwaka. Kuna Maneno, lililopewa jina la jirani yao, kwa kuwa lina mdomo mpana na ndani hamna kitu. Jumla ni thelathini na nane, na majina hayo hayatamkwi nchi kavu. Hutajwa ndani ya mtumbwi tu, mama kwa binti. Shimo la thelathini na tisa, la chini ya mkomafi, halina jina. Linaitwa lile. Haliendewi ila siku ambayo mengine yote yamekataa na jikoni hakuna cha kuinjika.

Bamvua ya mwezi uliopita, Siti alianza na Mke Mwenza kama kawaida. Hapakuwa na Mke Mwenza. Palikuwa na shimo la sepetu, pana kiasi cha kuzika mbuzi, maji ya chumvi yametulia ndani yake. Akaenda kwa Bwana Shamba, nako hivyo hivyo. Alama za viatu vya mpira zilitoka shimo hadi shimo zimenyooka, kama za mtu aliyeonyeshwa njia. Hilo ndilo lililomchanganya. Mwizi wa kawaida hubahatisha, huyu hakubahatisha. Mpaka maji yalipoanza kurudi, Siti alikuwa amehesabu mashimo ishirini na mawili yaliyobomolewa. Kulabu haikutoa mlio hata mara moja.

Aliporudi gatini ndoo tupu, Haruna, mnunuzi wa kaa, alikuwa amekaa juu ya matenga yake anacheka na simu.

"Bi Siti," akasema, "kumbe una shimo linaitwa Maneno?"

Siti alisimama, maji yamefika magotini. Jina lile hakuwahi kulitamka mbele ya mwanamume yeyote, hata marehemu mumewe. Haruna akamgeuzia simu. Palikuwa na ramani, vijito vya kwao vimechorwa kwa rangi ya buluu, na juu yake nukta nyekundu, kila nukta na jina lake. Juu kabisa paliandikwa Mashimo ya Mama Yangu, na chini yake jina la binti yake, Hafsa, Kidato cha Tatu. Pembeni ilikuwapo picha ya mwanamke ameinama, matope mpaka mapajani, kanga imefungwa kiunoni. Uso hauonekani, lakini kanga aliijua. Haruna akaeleza kuwa watu zaidi ya elfu wameipenda. Kisha, kwa huruma kidogo, akamweleza kuwa Maneno mwenyewe ameiona tangu juzi. Hapo Siti akaelewa kwa nini siku mbili hizi salamu zake zilikuwa zikiishia hewani.

Usiku ule alikumbuka likizo ya mwezi wa sita. Hafsa alikuwa ameomba simu ya mjomba wake, na kila waliposimama penye shimo alibaki nyuma, ameinua mkono juu. Siti alidhani anatafuta mtandao wa kuongea na wenziwe. Alimgombeza kwa hilo bamvua nzima, akamwambia kaa hawapigiwi simu. Sasa aliona afadhali wangekuwa wenziwe kweli.

Asubuhi akapanda boti hadi Nyamisati, na kutoka hapo pikipiki hadi Kibiti, vumbi likamgeuza rangi. Shuleni mlinzi alimwandikisha kwenye daftari, akamtuma kwa karani. Karani akamtuma kwa mwalimu wa taaluma. Mwalimu wa taaluma akamwambia jambo hilo ni la kompyuta, na mwalimu wa kompyuta yuko darasani, asubiri. Alisubiri kwenye benchi chini ya bango lililosema mzazi ni mdau. Kengele mbili zikapita.

Mwalimu Iddy alitokea na tabasamu. Alikuwa kijana mwembamba, shati limechomekwa vizuri, na kabla Siti hajafungua kinywa alikwishampa mikono yote miwili.

"Mama Hafsa, nilikuwa nataka kukuita nikupongeze."

Siti hakuwa amejiandaa kupongezwa. Alikaa, na mwalimu akamweleza kwa furaha kuwa siku hizi kila mwanafunzi ana mkoba wa kazi wa kidijitali. Zamani mradi wa mtoto ulikaa kabatini ukaliwa na mchwa. Sasa unawekwa mtandaoni, na dunia nzima inauona. Siti akauliza dunia nzima inautaka wa nini. Mwalimu akasema ili vipaji vya watoto wa Kibiti vitambulike. Siti akauliza kama dunia hiyo huwa inakuja na sepetu.

Akamweleza yote. Mwalimu Iddy alisikiliza, tabasamu likapungua, lakini halikuisha. Alisikitika, alisema, alisikitika sana. Ila taratibu zilifuatwa. Akafungua faili, akatoa karatasi, na Siti akaiona saini yake mwenyewe, mkia wa herufi ya mwisho umevutwa mpaka pembeni. Fomu ya ridhaa ya mzazi. Aliikumbuka. Hafsa alimpa karatasi tatu gatini, boti inanguruma tayari kuondoka. Moja ya chakula, moja ya sare, na hii. Alizisaini zote juu ya kifuniko cha ndoo ya kaa, na huku kaa wanagonga chini yake.

"Mwalimu, nilisaini kazi ya mtoto ionekane," akasema. "Mashimo si kazi ya mtoto. Ni kazi yangu."

"Lakini hapo ndipo penye uzuri wake, mama. Ni kitu halisi."

Mwalimu angekuwa mkali, mkorofi, mtu wa kufukuza wazazi, Siti angejua la kufanya. Huyu alikuwa mpole, na upole wake haukuwa na mahali pa kushika. Mwalimu akaendelea, kwa sauti ya mtu anayeleta neema, kuwa mradi wa Hafsa ndio uliochaguliwa kuiwakilisha shule kwenye maonyesho ya mkoa. Waamuzi wataufungua baada ya siku nne. Ramani ikitolewa, huenda jina la Hafsa nalo likatolewa, aende mwenzake wa Kidato cha Nne mwenye mradi wa kuku. Akamwomba mama afikirie maslahi ya mtoto.

Siti akamuuliza mtoto huyo analishwa na nini hapa shuleni, kama si na kaa.

Hafsa aliitwa. Aliingia na daftari kifuani, akamwona mama yake, akafurahi, kisha akauona uso wa mama yake. "Shikamoo mama." Siti aliitikia marahaba kwa shida. Safari nzima alikuwa amepanga maneno ya kumwambia, makali, yamepangwa kama matenga. Alipomwona na soksi zake nyeupe hakujua aanze na lipi. Akamwambia tu kwamba wamekuja watu, wamechimba.

"Yapi?" Hafsa akauliza.

Ndipo Siti, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akayataja nchi kavu, ofisini, mbele ya mwanamume mwenye faili. "Mke Mwenza. Bwana Shamba. Kungwi. Mkwe." Aliendelea hadi ishirini na mawili. Hafsa hakulia. Kila jina lilipotajwa alifumba macho kidogo, kama mtu anayesomewa majina ya waliofariki. Mwalimu Iddy aliacha kuchezea kalamu.

"Niliandika wasichimbe," Hafsa akasema. "Niliandika na majike waachwe."

Mwalimu alikiri kuwa ni kweli, aliandika. Watu hawakusoma. Waliangalia nukta nyekundu.

"Mwalimu, naomba uitoe."

Akamkumbusha kuhusu maonyesho. Hafsa akasema anajua. Mwalimu akavuta pumzi, akawaongoza chumba cha kompyuta, na hapo ndipo subira ya Siti ilipopimwa kwa mizani nyingine. Nywila ilikuwa kwa mwalimu mwingine, aliyekwenda semina. Akapigiwa, hakupokea. Alipopokea, akataja nywila ya mwaka jana. Ya mwaka huu ilipopatikana, mtandao ukakatika. Mtandao uliporudi, umeme ukaisha, akatumwa mtu kununua wa luku. Kuweka ramani, Siti aliuliza, kulichukua muda gani? Mwalimu akajibu kwa aibu kwamba kama dakika mbili hivi.

Umeme uliporudi ukurasa ulifunguka, na katika kungoja mwalimu aandike nywila upya, Siti akausoma. Kwa Haruna alikuwa ameona nukta na majina tu. Sasa aliona kwamba kila nukta ilikuwa na maelezo. Hili linapinda kulia, kulabu iingizwe mgongo ukiwa juu. Hili usilisogelee upepo ukitoka kusini, maji hurudi haraka. Hapa mama hupumzika kwa kuwa kiuno humuuma, ingawa husema anaangalia maji. Siti aliyasoma hayo ya mwisho mara mbili. Miaka yote alidhani msichana hasikii. Kila akimfundisha jambo, binti alikuwa anatazama ndege, au kucha zake. Kumbe alikuwa anasikia mpaka yale ambayo hayakusemwa.

Akayapitia kwa kidole, kwa mpangilio wa maji yanavyotoka, kama anavyoyapitia kwa mtumbwi. Alipofika mwisho akarudi mwanzo, akahesabu tena. Thelathini na nane. Kidole chake kikabaki pale pembeni ya kijito, penye mkomafi. Hapakuwa na nukta. Palikuwa na rangi ya kijani tu, mikoko mitupu.

Akakumbuka. Siku ya mwisho ya likizo unga ulikuwa umekwisha, wakaenda huko. Kabla ya kushuka, Hafsa aliifunga simu ndani ya mtandio wake, akaiacha mtumbwini. Siti alimsema hata kwa hilo. Alimwambia leo umekumbuka kuwa tuko kazini.

Kompyuta iliuliza kama wana hakika. Mwalimu akabonyeza ndiyo. Ikauliza tena. Siti akasema kwa ukali kidogo kwamba ajibiwe huyo, mbona hakuuliza wakati wa kuweka. Ramani ikatoweka, picha ya kanga nayo ikatoweka, maandishi ya Hafsa yakabaki peke yake kwenye weupe. Mwalimu Iddy, na hapa Siti alimheshimu, hakumdanganya. Alisema waliokwisha kuinakili wameinakili, hilo haliko mikononi mwake. Atawaandikia waamuzi wasome maandishi. Kama watakubali au la, hajui. Na ile fomu ataiandika upya, iseme wazi nini kitaonekana na nani. Siti akamwambia aiandike kwa herufi kubwa, maana wengine husaini juu ya ndoo.

Hafsa akamsindikiza hadi getini. Walitembea kwenye mchanga, mama mbele, mtoto nyuma, kama kule matopeni. Nje ya geti mwenye pikipiki alikuwa anawasha na kuzima, anakumbusha kuwa boti ya Nyamisati haimngojei mtu.

"Mama," Hafsa akasema, "umenikasirikia?"

Siti akasema amekasirika, na ataendelea kukasirika mpaka mvua za masika. Alisema kuna Maneno wa kuombwa radhi, na atakayekwenda kumwomba ni yeye mwenye mkoba, si mama mtu. Alisema mashimo kumi na sita hayalishi nyumba. Alisema mengine mengi, huku akimtengenezea binti ushungi wake ambao haukuwa umeharibika.

Kisha akapanda pikipiki, akafunga kanga vizuri, akamwashiria kijana azime kwanza. Akainama, mdomo karibu na sikio la mtoto, pale pale ambapo mama yake alimshika yeye.

"Likizo ukija," akamnong'oneza, "tutaanza na lile."