Kibao cha Dirisha la Nyuma

Mabasi ya shule yakirudi yadi jioni, mlinzi hafungui geti kwa honi wala kwa salamu. Hutazama dirisha la nyuma. Akiona kibao chekundu chenye neno moja la Kizungu, EMPTY, anafungua. Asipokiona, hata umpigie magoti utalala nje. Na ndoano ya kibao hicho waliipigilia nyuma kabisa makusudi, ili anayekitundika apite kwanza viti vyote, hadi cha mwisho, asije akasahauliwa mtoto aliyesinzia.

Kwenye basi namba nne kazi hiyo ni ya matroni anayesindikiza watoto, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ambaye dereva alimbatiza Mama Kibao. "Mchezeeni, mtakionja," dereva huwaambia watoto, ingawa wote wanajua mama huyo hajawahi kumpiga hata nzi. Kizungu chake ni cha kuombea maji. Siku ya kwanza kazini alimuuliza dereva neno lile maana yake nini.

"Tupu," dereva akajibu. "Debe tupu, mfuko mtupu, kichwa kitupu. Yote hayo emti. Na mkono mtupu haulambwi."

"Basi hujui," matroni akasema. "Hapa linasema watoto wa watu wote wamefika kwao. Hilo nalo la kusikitikia?"

Tangu hapo hukitundika kibao kwa mbwembwe na kulitamka neno lake kwa sauti, "Emti!", kama mtu anayetua mzigo kichwani.

Nyumbani kwake, neno hilohilo hakutaka hata kulisikia. Mume alishatangulia mbele ya haki, wakubwa wawili wana miji yao, na aliyebaki naye ni kitindamimba, binti muuguzi mwenye kucheka hovyo. Wiki moja binti aliitwa kazini katika hospitali ya mji wa mbali, safari ya kutwa nzima. Jibu lilitakiwa Ijumaa.

"Mama, ukisema nibaki, nabaki," binti alimwambia. "Wala sitanuna."

"Nenda zako, mwanangu. Mimi nani? Nitazeeka na paka wangu."

Paka wenyewe hawakuwa nao. Na kuanzia Jumatatu hiyo mgongo wa mama ukaanza kuuma. Aliinuka kitini kwa kushika ukuta, akaugulia kila binti alipopita, na binti, aliyesomea maumivu ya watu, akamkanda kila jioni. Hadi Alhamisi alikuwa hajafungasha hata kitambaa. Mama aliona, akafurahi, kisha akajichukia kwa kufurahi, kisha akaugulia tena.

Alhamisi hiyo, basi likiwa limeshusha watoto wote, matroni alichukua kibao chake akaelekea nyuma. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye ndoano alipoona kiatu chini ya kiti cha mwisho. Ndani ya kiatu mlikuwa na mguu.

"We! Unafanya nini humo?"

Alikuwa msichana wa darasa la pili, yule wanayemwita Kidoti. Alikuwa ameshushwa kituoni kwao na wenzake, kisha akarudi kinyemela wakati matroni anawavusha wadogo barabara.

"Nataka kwenda kukaa kwako," Kidoti akasema. "Kwetu kuna kitoto kichanga, kinalia tu, na mama hanisikilizi."

Jamani, kupendwa ni kutamu! Matroni alikaa palepale, akampakata, akamfuta vumbi magotini, na kwa kitambo kidogo hakutaka basi liende popote. Dereva alikohoa mbele.

"Tufanyeje, Mama Kibao?"

"Geuza gari," akasema, bila haraka yoyote.

Kituoni walimkuta mama yake Kidoti katikati ya barabara, pekupeku, kichanga mgongoni, akisimamisha kila gari linalopita na kuchungulia ndani. Sauti ilikuwa imemkauka. Alipomwona mwanawe alimfinya, akamkumbatia, akamfinya tena, halafu akaketi chini kwenye vumbi naye mikononi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na matroni alikuwa mzazi. Aliona haya. Wakati yule anahangaika huku, yeye alikuwa anaona raha kule.

Yadini alitundika kibao kimyakimya. Dereva alingoja lile neno, halikuja.

Alipofika nyumbani, binti alikuwa tayari ameshika chupa ya mafuta ya kukandia.

"Mgongo unaendeleaje?"

"Mzima," mama akasema. "Ulikuwa mzima tangu Jumatatu."

Binti akatazama chini. "Najua, mama. Mimi ni muuguzi."

"Unajua, na bado unanikanda?"

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Mama akamsimulia habari za Kidoti, kiatu na mama pekupeku. "Nami nimekuficha chini ya kiti wiki nzima," akamaliza. "Kuna wagonjwa wanakungoja huko. Kesho asubuhi wapigie, uwaambie unakuja."

"Na wewe?"

"Mimi nitalia. Kulia si ugonjwa."

Binti aliondoka Jumapili kwa basi la alfajiri. Mama alishinda akifua vilivyo safi na kufagia palipofagiwa, simu mfukoni. Giza lilikuwa linaingia ilipolia.

"Mama, nimefika. Nimepewa na chumba, kina dirisha kubwa."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Haya. Lala mapema."

Alipokata simu aliinuka, akaenda chumbani kwa binti. Mazoea yana taabu: akainama akachungulia uvunguni, akapapasa hadi ukutani, asije akasahauliwa mtu. Akakuta ndala moja tu. Aliipangusa, akaiweka kando ya mlango, akasimama katikati ya chumba.

"Emti," akasema kwa sauti, kama afanyavyo kila jioni.

Kisha akaketi kitandani na kulia, kama alivyoahidi.